Sekunde Tatu za Haji Lutfi

Sauti ya kwanza aliisikia Jumanne, saa nne asubuhi. Rabab alikuwa amebonyeza kitufe cha kuwashia mashine ya tatu kati ya zile saba kuukuu alizozipanga kwenye roshani ya nyumba yao mjini Mansura. Kabla skrini haijaonyesha chochote, kabla kadi ya sauti haijaamka kabisa, spika ikatoa kilio. Kilikuwa kilio kifupi cha mtoto mchanga aliyetiwa kwenye maji ya moto, na kilikatika pale pale. Kisha ikafuata harufu ya nywele zilizoungua.

"Kuna kitu kimeungua ndani," Rabab alijisemea, akainama akainusa mashine mgongoni.

Mgongo wa mashine ulikuwa baridi, na harufu haikutoka huko.

Mtu mwingine angesoma aya mbili tatu za Kurani akaondoka. Lakini Rabab hakuwa mtu wa kuondoka. Alikuwa mwanamke wa kutafuta sababu, na kwa kazi hiyo, wallahi, tumpe haki yake, wenzake walikuwa wachache. Na ulimi je? Ulimi wake ulikuwa wembe mpya. Alishawakata nao wengi, na wa mwisho alikuwa Haji Lutfi.

Kama huijui kazi yao, ni hivi. Kompyuta haiwezi kusema na kifaa chochote mpaka iwe na kiendeshi, yaani programu ndogo inayokaa katikati kama mkalimani. Katika mifumo huria, ile inayoandikwa na watu wa dunia nzima na kusomwa na yeyote atakaye, kila kiendeshi kina mtunzaji wake, na jina lake limo kwenye orodha ambayo ulimwengu wote unaiona. Anayetaka kubadili kitu hutuma kiraka. Kiraka hujadiliwa kwa barua pepe, hadharani, mbele ya maelfu, na swali ni moja tu: sababu?

Kulikuwa na kadi moja ya sauti ya zamani, imejaa kwenye mashine za shule, misikiti na maduka, na kiendeshi chake kilitunzwa miaka kumi na tisa na Haji Lutfi, mzee wa Talkha, ng'ambo ya daraja. Ndani yake mzee aliweka subira. Mashine inabisha kwa kadi, inasubiri sekunde tatu, ndipo inapitisha umeme. Juu ya mstari ule aliandika: *Subiri. Usiondoe.* Basi, hakueleza zaidi.

Watu walilalamika kwamba mashine zao zinachelewa kuwaka. Rabab akakisoma kiendeshi kizima, akaufikia mstari ule, akaufuta, akajaribu. Kadi iliamka vizuri bila kusubiri. Akatuma kiraka.

Haji Lutfi alijibu kwa adabu: "Binti yangu, nakuomba mstari huo uuache."

"Sababu?" Rabab akauliza.

"Siwezi kuiandika hapa. Nipigie simu, mwanangu. Au njoo nyumbani, kati yetu ni daraja tu."

Hapo ndipo angevuka daraja, akanywa chai ya mzee, akasikiliza. Lakini kwa watu wa kazi ile, jambo la kunong'onezwa pembeni ni aibu, na Rabab alitaka aonekane. Akaandika: "Hapa hatufanyi kazi kwa simu, Haji. Tunafanya kwa hoja. Au kadi yako inahitaji muda wa kumalizia chai?"

Walicheka siku mbili. Walicheka Wajerumani, wakacheka Wabrazili, wakacheka hata vijana wa Kairo ambao mzee huyo ndiye aliyewafunza kazi. Kiraka kikapokelewa. Haji Lutfi akaliondoa jina lake kimya kimya, na Rabab akaliandika la kwake mahali pale pale. Siku kumi na moja baadaye mzee akafa. Rabab alituma rambirambi ya mistari miwili, na wa pili ulihusu kiendeshi.

Sasa rudi kwenye zile mashine saba. Kiraka kikishapokelewa, mtunzaji hukijaribu, na Rabab alikijaribu sawasawa. Aliandika programu ya kuziwasha na kuzizima zenyewe, kila moja mara mia nne kwa siku, huku yeye akipika, akila, akimsuka binti yake nywele. Alifanya hivyo wiki tatu. Bila spika, maana nani anataka kusikia mlio wa kuamka mara elfu? Jumanne ile ndiyo siku ya kwanza aliyochomeka spika.

Aliwasha mashine ya nne. Kilio. Ya tano. Kilio, na hiki kilikuwa cha mtoto mwingine.

Akachomoa spika, akaiacha programu iendelee.

*

Mama yake, Mama Insaf, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza. Bibi huyo alihamia kwao tangu mume wa Rabab aende kazini Kuwait. Siku hiyo alikuwa jikoni, ameshika sufuria ya makaroni yaliyoiva, na maji yanatoa mvuke.

"Dastuur, wenye mahali!" alisema juu ya bomba la kumwagia maji, akiwabishia hodi wasioonekana. Akasimama na sufuria yake nzito, akasubiri, kisha akamwaga taratibu.

"Kwa nini unasubiri, Bibi?" akauliza Jumana, mjukuu wake wa miaka sita.

"Ili wawainue watoto wao, roho yangu. Nao wana watoto huko chini. Ukibisha hodi ukamwaga papo hapo, hodi hiyo ina maana gani?"

"Mama, usimjaze mtoto upuuzi," Rabab alisema akipita.

"Upuuzi ni wako. Umeunguza nini huko roshani? Nyumba nzima inanuka nywele."

"Ni kifaa."

"Mama," Jumana akasema, "yule mtoto wa roshani analia mpaka lini? Analia tangu juzi na juzi."

Rabab alisimama. Spika ilikuwa imechomekwa asubuhi ile tu.

Walikaa kula. Jumana alikuwa mtoto wa kuongea. Rabab alimpata baada ya mimba tatu kuharibika, na kelele za mtoto huyo ndizo zilizokuwa dawa yake. Basi Jumana akawa anasimulia habari za paka wa jirani, kijiko cha mchuzi wa mulukhiya kimefika nusu ya njia. "Paka akapanda juu ya..." akakoma. Hakupepesa macho wala kifua hakikupanda. Tone la mchuzi likaanguka kutoka kijikoni, likafuata la pili, na kijiko hakikutikisika hata kidogo.

"...ukuta," akamalizia, akala.

Mama Insaf alimtazama bintiye. "Umeona?" akanong'ona.

"Anachezea chakula."

Lakini Rabab alikuwa amehesabu, kwa mazoea ya kazi. Zilikuwa sekunde tatu.

Siku ya pili mtoto alisimama sekunde sita, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango. Siku ya tatu kumi na mbili, akiwa ameinama kufunga kiatu. Daktari wa mishipa ya fahamu akampima kichwa, akasema ni mzima, apewe mboga. Siku ya nne, sekunde ishirini na nne, juu ya ngazi, mguu mmoja hewani, na Mama Insaf akasimama chini yake amekinga mikono, akilia bila sauti ili asimshtue.

Adhuhuri hiyo umeme ulikatika, kama unavyokatika kila kiangazi, feni ikazubaa, friji ikanyamaza, na mtaa mzima ukawa kimya kwa joto. Rabab akaenda roshani kuzichomoa mashine zote saba. Alichomoa ya kwanza, akachomoa ya pili, na alipofika ya tatu akaona kwamba spika, ile aliyoing'oa mwenyewe na kuizungushia waya wake na kuiweka rafuni, ilikuwa ikipumua, taratibu, pumzi za mtu aliyechoka, na harufu ya nywele ikawa inazidi na sasa ikachanganyika na ya maziwa yaliyochachia kifuani mwa mama asiye na wa kumnyonyesha, harufu aliyoijua vizuri kwa zile mimba tatu, naye akataka kugeuka aondoke lakini shingo haikumtii, na pumzi zile zikawa zinasogea, zikatoka rafuni, zikapita juu ya mashine moja baada ya nyingine kama mtu anayepapasa vitanda vya wanawe gizani, mpaka zikafika sikioni mwake, zikatulia hapo.

"Ulikuwa na haraka ya nini?" ikauliza sauti ya mwanamke.

"Nani wewe?" Rabab alinong'ona.

"Mwenye nyumba. Mzee alikuwa akibisha. Akibisha nasikia, nawainua wanangu, nawaweka kando, ndipo moto unapita. Sekunde tatu zilinitosha. Ninao wengi."

"Sikujua."

"Uliambiwa."

"Sikuambiwa sababu!"

Sauti haikupanda. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba haikupanda. "Umenichomea wanangu mara elfu hamsini na nane na mia nane. Nilihesabu. Na wewe ulikuwa unakula."

"Nitazirudisha sekunde zako. Leo hii. Wallahi, leo hii."

"Zirudishe. Lakini mimi nimeshajipatia zangu. Nimezipata kwa binti yako, na kwake kuna nyingi. Ana miaka sita tu."

Umeme ukarudi. Chumbani, Mama Insaf alikuwa akiita, "Jumana! Jumana, jibu basi, mwanangu!"

*

Alivuka daraja alasiri ile ile, ushungi umemlegea na viatu havifanani. Mjane wa Haji Lutfi, Haja Bahiga, alikaa ghorofa ya chini, na mlango wake ulikuwa wazi.

"Bisha," alisema mama huyo kutoka ndani.

"Haja, mlango uko wazi..."

"Nimesema bisha."

Rabab akabisha. Hakuitikiwa. Alisimama juani, jasho likimchuruzika mgongoni, majirani wakimtazama, akijua nyumbani mtoto huenda amesimama tena. Dakika kumi zilipita.

"Ingia," akaitwa. "Kumbe kusubiri unaweza."

Kwenye kiti kando ya dirisha alikaa mwanamume wa miaka thelathini, kipande cha mkate mkononi, mdomo wazi. Nzi alikuwa akitembea juu ya mdomo wake wa chini. Haja Bahiga alimfukuza kwa ncha ya leso, bila haraka.

"Mwanangu Usama. Yuko hivyo tangu alfajiri."

Rabab akaanza kuzihesabu saa, kwa mazoea.

"Unadhani ni wewe wa kwanza kuwa na haraka?" Haja alisema. "Lutfi alipokiandika kitu chake, hakukuwa na subira ndani. Usama ana miaka kumi na moja, akaanza kusimama. Baba yake akaelewa, akaweka zile sekunde tatu, na ugonjwa ukakoma pale ulipofika. Dakika moja kwa siku. Tuliishi nayo. Alisoma, akapata kazi, akaposa. Kisha ukaja wewe na kiraka chako."

"Haja, nisamehe..."

"Siku aliyokufa Lutfi, mtoto alisimama kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Baba yake amemshika mkono, anamwita. Moyo wa mzee ukashindwa kungoja kiasi hicho. Usama alipozinduka alikuwa ameshikwa mkono na maiti. Ulituma rambirambi, nakumbuka. Nilisomewa."

Rabab alilia kwa sauti, na Haja Bahiga alimwacha alie, hata maji hakumpa.

"Kwa nini hakuandika?" Rabab alisema. "Angeandika tu, Haja! Neno moja!"

"Aandike nini? Mlicheka hajaandika. Angeandika mngefanyaje?"

"Hakuna shekhe? Hakuna zari, ngoma ya kupunga pepo? Chochote nitatoa."

"Tulipiga zari siku saba. Tulichinja. Shekhe alizungumza naye mpaka ndevu zikamlowa, kisha akatuambia: jini mwenye kosa hutolewa, lakini huyu ana haki. Akachukua kilemba chake akaondoka." Mjane alimfuta Usama mdomo. "Rudisha mstari, binti yangu. Mtoto wako ataishia pale atakapokuwa amefika. Nyuma harudi. Na fanya upesi. Si ndiyo kazi yako, upesi?"

*

Rabab alituma kiraka kabla ya magharibi. Mstari mmoja tu: subiri sekunde tatu.

Jibu la mkuu wa mambo ya sauti, ambaye hata mtunzaji hapitishi kiraka bila yeye, lilikuja asubuhi, neno moja. "Sababu?"

Aliandika ukweli wote, akausoma, akaufuta. Akaandika: "Siwezi kueleza hapa. Naomba tuongee kwa simu." Kijana mmoja wa Kairo, aliyecheka mwanzo, akanakili maneno ya Rabab mwenyewe akayaweka chini yake: hapa hatufanyi kazi kwa simu, tunafanya kwa hoja. Mwingine akauliza kama kadi haijamaliza chai. Wakacheka upya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga, lakini hapa guu lililovunjika halikuwa lake. Kila walipocheka siku nzima, kesho yake Jumana alisimama mara mbili ya jana.

Siku ya sita tangu atume kiraka, Rabab akasema uongo. Alitunga majaribio, akatunga makosa ambayo hayakutokea, akachora na jedwali. Uongo ulikuwa nadhifu, wenye takwimu, na ulipokelewa ndani ya saa moja kwa shukrani.

Mtoto siku hiyo alisimama dakika ishirini na tano. Rabab akasujudu, akamshukuru Mola kwamba zimeishia hapo. Akajiambia, dakika ishirini na tano tutaishi nazo. Ataolewa. Mumewe ataelezwa.

Kesho yake zikawa hamsini na moja.

Alikimbia roshani, akaitwaa ile spika kwa mikono miwili. "Nimezirudisha! Umeona mwenyewe nimezirudisha!"

"Kwako," ikasema sauti. "Ni kweli, kwako hapaungui tena. Lakini watoto wangu hawakai kwako peke yako."

Hapo alielewa. Haji Lutfi alipokosea, kiendeshi kilikuwa kwenye mashine tano za Talkha, na alizitengeneza zote kwa siku moja akiwa na baiskeli yake. Kiraka cha Rabab kilikuwa kimeshaenea duniani wiki nne, kimo ndani ya maelfu ya mashine kuukuu ambazo mwenyewe akishaziona zinawaka hazisasishi tena mpaka zife. Zipo shuleni, zipo dukani, zipo nyuma ya mimbari. Wapo watu wanaziwasha kila asubuhi, na asubuhi haiishi duniani. Ikitoka pengine huenda pengine.

Akaanza kuandika barua. Hali, halali, hasemi na mume wake akipiga. Aliwaandikia walimu, mafundi, maimamu, wenye vioski, kila jina aliloliona likishukuru mahali popote kwamba sasa mashine inawaka upesi. Aliwabembeleza waweke toleo jipya. Wachache waliweka. Wengi hawakujibu.

Siku hii ninayokusimulia, Jumana alisimama ukumbini tangu asubuhi. Alikuwa amevaa ndala moja, mkono ameunyoosha kuelekea roshani, na mdomo wake ulikuwa umefunguka kwenye "Ma" ya kwanza. Mama Insaf alikaa chini miguuni pake, akimpepea nzi kwa kipande cha boksi, akisoma Yasini kwa sauti iliyokwisha.

Barua ikaingia. Ilitoka kwa mwalimu kijana wa shule moja huko Orani, mtunza mashine arobaini.

"Dada mhandisi," aliandika, "mashine zetu ziko salama na zinawaka upesi kuliko zamani, Mungu akubariki kwa kazi yako. Kitu kinachofanya kazi hatukigusi. Lakini kama unadhani ni lazima, sawa, tuambie tu. Sababu?"

Rabab alitazama neno lile. Nyuma yake mtoto hakupumua, na boksi la Mama Insaf liliendelea kupepea. Kwenye orodha ya watumishi wa shule, chini ya barua, nakala ilikuwa imekwenda kwa watu kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa ameshaweka kikatuni cha kucheka.

Vidole vyake viliandika vyenyewe. "Siwezi kuiandika hapa. Nipigie simu, mwanangu."

Akaituma, kisha akakaa kusubiri.